Kwa Nini Mlango Haukulia

Mimi sina subira, na nalisema mwanzo kabisa asije mtu akanishangaa baadaye. Pale dukani kwangu, ninapotoa fotokopi na kufunga vitabu, wateja wananiita Mama Stepla, kwa jinsi ninavyoigonga hiyo stepla utadhani tuna ugomvi. Lakini Jumamosi mchana, nikishafunga mlango wa mbele, jina linabadilika. Naitwa Hakimu.

Chumba cha nyuma kina meza ndefu ya kukatia karatasi na viti vitano. Vinne vina wenyewe: mimi, Fundi Bomba, Nesi na Mwalimu. Watu wazima wenye mvi zao, tunakaa pale tunaulizana maswali ya Mlima Usiolala. Kwa asiyeijua, hiyo ni hadithi ya vitabu saba, habari za nchi ambayo mlima wake hutembea, na za msichana aitwaye Mbeba Taa aliyetoroka kwao akaufuata. Panga zote kumi na saba tunazijua kwa majina. Malkia Kiziwi alizaa mara ngapi, tunajua. Nani alizikwa na kiatu kimoja, tunajua. Fundi Bomba aliwahi kuliacha bomba la mtu linamwaga maji ili anipigie simu tubishane kuhusu rangi ya farasi. Farasi alikuwa wa kijivu, na mpaka leo hajakubali.

Kiti cha tano ni cha atakayepita mtihani. Mgeni anaulizwa maswali matatu, kutoka kitabu chochote. Akishindwa, anaruhusiwa kutuuliza sisi swali moja, na likitushinda sote wanne, kiti ni chake. Hakimu akishaamua, hakuna rufaa. Kwa miaka tisa kiti kile kilikaliwa na vumbi tu. Najua mnachofikiri. Ndiyo, nilikuwa nawakomoa.

Sasa nimlete baba yangu. Alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache na lenzi jichoni. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilifeli mtihani, naye akasema aliyenifelisha ni huyo Mbeba Taa wangu. Akakichukua kitabu changu cha kwanza, nilichokipata kwa shida, akampelekea muuza karanga wa pale kona afungie karanga. Nilikwenda kumpigia magoti yule mama, akanirudishia. Karatasi moja tu ilikuwa imeshakwenda na karanga zake, ukurasa wa tisa na wa kumi.

Nilikishona upya kwa mkono. Miaka ikapita, kitabu kikaadimika madukani, na nakala zote za wenzangu nikazitoa kwenye hicho hicho changu. Kwa hiyo pengo langu likawa pengo letu sote. Tulikubaliana kwamba pale hapana kitu, ni maelezo ya nyumba tu. Yaani nilikubali mimi, wao wakanyamaza.

Baba sikumsamehe. Nilihama kwake nina miaka ishirini, na tangu hapo maneno yetu yalipita kwa mama. Mwambie baba yako hivi, mwambie mwanao vile. Mama alipofariki, miaka mitatu iliyopita, hakubaki wa kutupitishia. Baba akahamia kwa dada yangu mkubwa, nami nikawa nampigia dada simu, nauliza, "Mzee hajambo?" Dada anasema hajambo. Basi, imeisha hiyo.

Jumamosi moja tukasikia hodi mlango wa nyuma. Nesi akafungua. Alikuwa baba, amevaa koti lake la kazini, lile lenye mifuko midogo midogo ya vyuma vya saa, limepigwa pasi vizuri. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha akasema, "Nimesikia hapa kuna kiti."

Mwalimu akainuka haraka. "Karibu mzee, karibu ukae."

"Hakai mtu hapa bila kupita," nikasema.

Wote wakanitazama. Baba peke yake ndiye aliyeona ni sawa. "Ndiyo sheria," akasema. "Niulize tu. Ila nimesoma cha kwanza peke yake. Kimenichukua miezi minne."

Nesi akaninong'oneza nimuulize cha kwanza. Nilimsikia vizuri sana. Nikamuuliza swali la kitabu cha tano, jina la mlinzi wa daraja la tatu.

"Huko sijafika," akasema baba.

Nikamuuliza la kitabu cha sita.

"Sijafika huko, mama."

Aliponiita mama, kama alivyokuwa akiniita utotoni, badala ya kulia nikapandwa na hasira. Ndivyo nilivyo. Nikamuuliza la kitabu cha saba, tena swali ambalo Mwalimu mwenyewe lingemtoa jasho. Baba akatikisa kichwa. Fundi Bomba alikuwa anajikuna shingo, anatazama sakafu.

"Basi zamu yangu," baba akasema. Akaweka mikono juu ya meza. "Usiku ule Mbeba Taa alipotoroka kwao, kwa nini mlango haukulia?"

Tukatazamana. Katika nakala zetu, ukurasa wa nane unaisha Mbeba Taa akifunga kamba za viatu, na ukurasa wa kumi na moja yuko barabarani tayari. Mlango haupo. Wenzangu pengine walikuwa wamesahau kwamba kuna kurasa tunazikosa. Mimi sikuwa nimesahau. Nilijua palepale, baba akiwa bado hajafunga mdomo, kwamba jibu liko kwenye ile karatasi iliyokwenda na karanga. Nilitakiwa kusema jambo moja dogo tu: mzee, hapo tumeshindwa, vuta kiti.

"Halimo kitabuni," nikasema.

"Halimo?"

"Halimo. Swali la kubuni haliruhusiwi."

Baba aliinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya akiisikiliza saa ya mteja. "Haya," akasema. "Hakimu ameshasema." Akawashukuru mmoja mmoja, akatoka huku akipapasa ukuta mpaka akaupata mlango. Niliona mkono wake unavyotafuta kitasa. Nikadhani ni aibu inamtetemesha, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Leo umekosa, Hakimu," akasema Nesi, akachukua mkoba wake. Siku hiyo hatukucheza tena.

Jumanne nilikwenda maktaba. Iko vituo viwili tu kutoka dukani, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukanyaga, maana ningekwenda kutafuta nini na mimi ndiye ninayejua kila kitu? Mkutubi akaniletea kitabu cha kwanza kizima. Akaniambia nina bahati, kuna mzee alikuwa hakiachii, anakuja kila asubuhi anakaa pale dirishani, lenzi jichoni, anasoma mstari mmoja mmoja.

Ukurasa wa kumi, katikati, iliandikwa hivi: mlango ule uliokuwa ukilia kila siku, usiku huo haukulia. Jana yake baba yake alishinda amechuchumaa hapo, anazipaka bawaba mafuta, na hakumwambia mtu kwa nini.

Vitabu saba. Kwa vitabu saba tulimjua baba wa Mbeba Taa kama mlinzi wa jela. Tulimpachika jina, Baba Komeo, na nilikuwa na vichekesho vyake chungu nzima. Kumbe alijua binti yake anaondoka, akamrahisishia njia. Nililia pale maktaba, mtu mzima mimi, mpaka mkutubi akaja kuniuliza kama naumwa.

Mtadhani nilitoka mbio kwenda kwa baba. Wapi. Nilitoka nikaenda kufungua duka. Kumwambia mtu nimekosa kwangu ni kazi kuliko kubeba mashine ya fotokopi mgongoni. Nikasema wiki hii nina kazi za shule, wacha zipite. Wiki iliyofuata nikasema mafua. Wiki sita nilipiga danadana hivyo. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi hata mtoto sina, lakini mjukuu huyo alinifikia.

Dada ndiye aliyepiga simu. "Macho ya baba yamekwisha," akasema.

"Yamekwishaje?"

"Ni presha ya macho. Daktari alishamwambia tangu mwaka jana kwamba hayafiki mwisho wa mwaka huu. Alinikataza nisikwambie. Ndiyo maana aliking'ang'ania kile kitabu chako."

Nikakaa chini, palepale kwenye maboksi ya karatasi.

"Maktaba hawana cha pili," dada akaendelea. "Aliniambia akishapewa kiti ataazima kwako, asome japo nusu. Mwezi uliopita alikuwa bado anaona kidogo. Alikuwa anakaa na lenzi yake mkononi, anasikiliza geti. Nilidhani ungekuja."

Nilifunga duka na wateja wako kwenye foleni. Nikachukua kitabu cha pili, nikaenda.

Baba alikuwa amekaa sebuleni kwa dada, kwenye kiti cha dirishani, mikono juu ya magoti. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Huyo ni Hakimu."

"Ni mimi, baba. Swali lako lilikuwemo. Ukurasa wa kumi."

"Najua."

"Mbona hukubisha?"

Akageuza uso kuelekea sauti yangu, akakosea kidogo, akawa anamtazama dada aliyesimama mlango wa jikoni. "Nikubishie mbele ya wenzako?" akasema. "Tena dukani kwako?"

Nikamwekea kitabu mapajani. Akakishika kwa mikono miwili, akakipima uzito, akapitisha kidole kwenye mgongo wake pale nilipokifunga mwenyewe, akasema kazi ni safi. Kisha akakifungua, akakiinua mpaka karibu na pua.

"Maandishi unayaona?" nikamuuliza.

"Nayaona vizuri tu. Nitaanza kesho asubuhi, kukiwa na mwanga."

Dada akarudi jikoni. Nilitakiwa nami ninyamaze, lakini mdomo uliozoea kuuliza haungoji ruhusa. "Jalada lina picha gani, baba?"

Lilikuwa na daraja jekundu. Daraja tupu, halina mtu.

Baba alikifunga kitabu. Akalipapasa jalada kwa kiganja, polepole, toka juu mpaka chini, kama mtihani mzima wa maisha yake uko hapo.

"Msichana," akasema. "Ameshika taa. Na nyuma yake kuna mlango, wameuacha wazi."

"Umepata, baba," nikasema. "Kiti ni chako."

Akatabasamu, akauliza ni Jumamosi saa ngapi. Nikamwambia saa nane, nitakuja kumchukua mwenyewe.