Nyuki wa Picha Namba Saba

"Mama Debora, wewe na picha wapi na wapi?" Yasinta, jirani yangu hapa Makole, aliniuliza hivyo nilipoitwa kuwa jaji. Nikamwambia hawaniiti kwa ajili ya picha, wananiita kwa ajili ya wadudu. Marehemu mume wangu aliniachia mizinga kumi na minne ya nyuki kule Gulwe, na mwaka wa tisa huu naitunza mwenyewe.

Yalikuwa mashindano ya vijana wa parokia, picha za wadudu zilizopigwa kwa karibu mpaka vinyweleo vinahesabika. Sharti kubwa: mdudu awe hai, tena asiguswe. Mshindi angepata kazi ya mwaka mzima ya kupiga picha kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Debora, mwanangu wa pekee, alikuwa ameshiriki. Amemaliza chuo, mwaka wa tatu yuko nyumbani. Nilimweleza Optatus, mwenye studio ya picha Majengo, kiongozi wetu sisi majaji. Akasema picha zina namba tu, hazina majina, nisiwe na wasiwasi.

Tulikaa watatu: yeye, mimi na Evelina, karani wa parokia. Picha nyingi zilikuwa na ukungu.

"Huyu panzi kama katolewa kwenye supu," Optatus alisema, tukacheka.

Ikaja namba saba. Nyuki juu ya ua la alizeti.

"Jamani, macho hayo!" Evelina akasema.

"Imetoka kali. Mwanga, rangi, kila kitu," Optatus akasema. "Tumemaliza, tukanywe chai."

Mimi nilikuwa naangalia miguu. Ilikuwa imekunjwa tumboni, haikushika ua. Ulimi ulining'inia pembeni, nje kabisa. Nyuki hufa hivyo akipata sumu. Mwezi uliopita shamba la nyanya la jirani kule Gulwe lilipuliziwa dawa mchana, nikazoa nyuki wangu kwa ufagio. Na nyuma ya ua ilionekana rangi ya kijani ya mzinga, rangi aliyoipaka mume wangu. Nikajua mpigaji ni nani.

"Huyu amekufa," nikasema. "Amewekwa hapo."

"Mama, nani atajua?" Evelina akauliza.

"Mimi nimejua."

Optatus akakuna kidevu. "Sharti ni sharti. Lakini mwenye kujua wadudu ni wewe. Tukiiacha au tukiitoa, useme wewe."

Nilishika rozari mfukoni nikasali. Nikasema itolewe.

Siku ya matokeo, ushindi ulikwenda kwa kijana mmoja na kipepeo wake wa kawaida. Watu walipokuwa wanapanga viti, Debora akanifuata.

"Mama, uliitambua?"

"Niliitambua."

"Na ni wewe uliyeitoa?"

"Ni mimi."

"Uliwazoa kwa ufagio ukawamwaga shimoni, mama. Mimi nimeokota mmoja." Akanisogelea. "Sikukutaka useme uongo. Ungenyamaza tu. Kunyamaza tu, mama, kwa mwanao."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa. Kwamba usiku ule baada ya kuitoa sikulala. Kwamba picha ilikuwa nzuri kuliko zote, na mimi niliiona. Kilichonitoka kinywani ni hiki:

"Jumamosi padre anaungamisha. Uende."

Akanitazama kama mtu anayesoma kibao cha njia asiyoijua. Akachukua mkoba wa kamera, akapita katikati ya viti, akatoka.