Zamu ya Hermenegildi

Asubuhi ile Restituta aliamka ameshakata shauri: atatia sahihi. Amechoka, basi. Miaka arobaini na sita mtu hajulikani kama ni mke au mjane, hata ingekuwa wewe ungechoka. Padri hawezi kumsomea mumewe misa ya wafu kwa sababu hakuna aliyesema amekufa, na wanawake wenzake wa jumuiya hawajui wampe pole au wamwache. Karatasi ya Shirika ingemaliza yote hayo. Ingesema Hermenegildi amefariki, matanga yangekaliwa na kuanuliwa, na yeye angehamia Ifakara, pale Lumemo, kwa mpwa wake Agnetha, ambako chumba chake kilishapigwa rangi.

Sasa hilo Shirika. Jina lake halisi hakuna anayelijua hapa Mofu. Kibao cha mlangoni kinasema Mradi wa Kuhesabu Ndege, na watu wa Mofu, kwa kuwa ni waungwana, hawajawahi kuuliza mbona wahesabu ndege wana mlingoti mrefu kuliko mnara wa kanisa. Mwaka 1979 jamaa hao walikuja na lori lililofunikwa turubai wakachukua vijana sita. Wasomi hawakuwataka. Walitaka watu waliozoea kuamia ndege, kuwafukuza kwenye mpunga kwa kelele za debe, yaani mtu anayeweza kukaa peke yake juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, tangu alfajiri mpaka giza, mwezi mzima, macho juu, debe mkononi, na asirukwe na akili. Wakawaingiza kwenye chombo chenye umbo la kihenge cha kuwekea mpunga, wakawarusha kwenda kuizunguka Mirihi. Mwaka uliofuata redio ya chombo ikaacha kusema, ukabaki mvumo tu. Vijana sita, jamani! Na wazazi wao wakaambiwa wamekwenda kusoma ng'ambo.

Restituta alikuwa na ndoa ya miezi minane. Aliambiwa ukweli yeye peke yake, kwa sababu aligoma kuondoka mlangoni kwao. Ili anyamaze wakampa kazi: kila siku, kuanzia saa nne mpaka saa sita, avae visikilizio vya redio ya chombo, asikilize, aandike daftarini alichosikia. Kujibu ni marufuku. Kitufe cha kujibia walikibandika plasta, ile ya vidonda, wakamwambia asikiguse.

Amedeus, afisa aliyetumwa kukifunga kituo, alifika saa nne kasoro na gari jeupe. Alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karatasi umekuja nayo?"

Akaiweka mezani. Ilisema Hermenegildi alifariki tarehe 14 Machi 1980. "Utie sahihi hapa chini, kisha nikupeleke Lumemo. Mafundi wanashusha mlingoti mchana huu."

"Nani alimwona akifa?"

Amedeus akajikuna shingo. "Mama, mimi nimeikuta hivyo hivyo."

"Haya. Ngoja nimalize zamu yangu kwanza."

Akavaa visikilizio, akakaa. Mvumo ule ule wa kila siku. Ilipofika saa nne na nusu akasikia debe likigongwa: tatu za haraka, kimya, mbili nzito. Mkono wake, kwa mazoea, ukaandika: Wanaamia ndege. Si kituo kimezungukwa na mashamba? Kelele za debe huingia dirishani, na kwa miaka yote ameziandika hivyo. Isitoshe, mpigo wenyewe aliujua. Kila ukoo hapa una mpigo wake wa kuitana, na huu ulikuwa wa shemeji yake Beno, nduguye Hermenegildi, ambaye shamba lake linapakana na kituo.

Kalamu ikasimama. Beno walimzika mwaka juzi.

Akatazama dirishani. Ilikuwa Novemba, mpunga ulishavunwa tangu Julai, mashamba yamechomwa moto, meusi mpaka mtoni, hata dungu moja halijasimama. Nani anaamia ndege kwenye majivu? Akavua visikilizio. Nje kimya, ila bodaboda moja ikipita mbali. Akavivaa tena. Tatu za haraka, mbili nzito.

"Baba, chukua daftari za zamani hapo kabatini," alisema. "Palipoandikwa Wanaamia ndege, nisomee miezi."

Amedeus akapekua. "Mei 1983. Oktoba 1983. Novemba 1984. Septemba 1991. Desemba 2002... Mama, zipo nyingi."

"Mjinga mimi!" Restituta akajipiga paja. "Mpunga wa Septemba uliuona wapi, wewe mwanamke? Mjinga, mjinga!"

Beno na Hermenegildi walifundishwa kupiga debe na mama yao. Mpigo ule maana yake ni moja tu: nimechoka, njoo unipokee. Aliye juu ya dungu huupiga, na wa nyumbani hujibu kwa mipigo miwili. Akishajibiwa, hutua debe, akashuka, akalala, na zamu inakuwa ya yule aliyejibu. Asipojibiwa hana ruhusa ya kuacha, maana ndege watamaliza shamba. Na Hermenegildi, masikini, alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Amepiga tu, pengine kwa sahani yake ya chakula ukutani mwa chombo, na mkewe anamsikia, anaandika habari za ndege.

Restituta akabandua plasta.

"Mama, hicho hakiguswi."

"Njoo unishike basi."

Amedeus hakwenda. Restituta akabonyeza kitufe, akagonga maikrofoni ya mezani kwa kalamu, mara mbili, taratibu, ili asikosee. Kisha wakangoja. Sauti huchukua dakika kumi na tano kufika kule, na kumi na tano nyingine kurudi. Debe likaendelea, likisitasita kama la mtu anayesinzia. Nusu saa ilipotimia, zikaja tatu za haraka, halafu zile mbili nzito hazikuja. Kimya. Baada ya kimya ukaja mpigo mmoja mdogo, ule wa kushukuru.

Alilia, na wala hakujificha. Uchungu, furaha, hasira, vyote vilimjia pamoja, na juu ya vyote uchovu.

"Ameshuka," alisema. "Sasa analala."

"Na karatasi, mama?"

"Ichane. Na umpigie Agnetha, umwambie chumba ampe mtu mwingine. Nimeshajibu mimi, siwezi kuondoka."

Amedeus akatoka kwenda kuwaambia mafundi waache kamba zao. Restituta akajifuta uso kwa kanga, akalivuta daftari. Akayakata kwa mstari yale maneno Wanaamia ndege, na chini yake akaandika: Nimempokea.