Mkono Ndani ya Faili la Bomba

Asubuhi ya kukabidhi programu, mdogo mtu alifuta skrini yake kwa ncha ya mtandio, akamsogezea mkurugenzi kiti, akaianzisha kazi. Programu ilikuwa ya kupekua ghala zima la kampuni, folda baada ya folda, ikifungua kila faili na kunakili yaliyomo. Ikimaliza salama, yeye ndiye angekuwa mkuu wa kitengo. Aliyekuwa akiiwania nafasi hiyo pamoja naye ni dada yake wa tumbo moja, aliyekaa meza ya dirishani.

Sasa, si kila kilichomo kwenye folda ni faili la kweli. Mengine ni bomba tu: huku mdomo, huko mdomo mwingine, katikati hamna kitu. Ukilifungua ovyo, utangoja hadi mtu wa upande wa pili atie chochote. Ndiyo maana mwenye akili zake huiamuru programu iulize kwanza, "Wewe ni faili la aina gani?" na jibu likiwa bomba, ipite zake. Mdogo mtu aliuandika mstari huo mapema kabisa. Lakini pale ofisini hakuna programu inayoanzishwa kabla mwenzako hajaisoma, na aliyeisoma ya kwake ni dada.

"Iko safi," dada mtu alimwambia jioni yake. "Nimenyoosha viwili vitatu tu. Nenda kalale, mdogo wangu."

Akaenda akalala. Nani anamkagua dada yake?

Programu ilipofika kwenye folda za uhasibu, ikafungua bomba bila kuuliza, maana ule mstari haukuwemo tena, ikasimama. Mdogo mtu akagusa skrini aone imekwama wapi, mkono ukazama hadi kwenye kiwiko.

"Itachukua muda?" mkurugenzi aliuliza.

"Inategemea upande wa pili," alijibu, maana ndivyo ilivyo.

Akapapasa. Ndani mlikuwa na baridi na unyevunyevu. Mwishoni vidole vyake vikakuta vidole vingine, vya joto, na kimoja kilikuwa kimepinda, kile alichokibana yeye mwenyewe mlangoni walipokuwa watoto wakigombea bafu. Alifurahi, masikini. Ingetosha dada amwekee kiganjani herufi moja tu, mkono utoke. Vidole vile vikatulia kidogo, kisha vikajichomoa kimoja kimoja. Akageuza shingo. Dada mtu alikuwa pale dirishani, mkono ndani ya droo, akiutoa taratibu. Akaifunga droo kwa ufunguo.

"Dada," mdogo mtu aliita.

"Niko kwenye simu," dada mtu alisema, na simu hakuwa nayo.

Akauvuta mkono, haukutoka, wala siku zilizofuata haukutoka. Kazi haikutakiwa kulala, kwa hiyo dada mtu aliteuliwa siku hiyo hiyo. Seremala alikuja kupunguza miguu ya meza ili mdogo mtu akae vizuri, na mfagiaji akazoea kumwambia anyanyue miguu. Kuhusu ile droo, kila mtu ofisini anajua imefungia nini. Ila ni droo ya mkuu, nani ataigusa?

Mchana dada mtu huja na sahani, huvuta kiti, humlisha kwa kijiko.

"Pole, mdogo wangu. Hawa mafundi hawa, hadi leo hawajaja kukutoa, wazembe kweli."

Mdogo mtu humtazama usoni. Anajua kila kitu, na dada anajua kwamba anajua. Kijiko husubiri mbele ya midomo yake mpaka njaa imshinde, naye hufungua mdomo, akala.