Kunde za Pongwe

Kilo nne. Mama mkwe wangu, Bi Time, alikaa Pongwe kwa Asmaa, mke wa shemeji yangu, mwezi mmoja na nusu, akarudi Makorora na kilo nne ambazo hakuondoka nazo. Nesi Consolata alizisoma kwa sauti kwenye mzani wa zahanati, na mume wangu Mbarouk akanitazama.

"Zikishuka tena," alisema njiani, "mama ahamie kwa Asmaa moja kwa moja."

Niliona wivu. Miaka tisa namtunza yule mama. Kunde ninazompikia zimetoka gunia moja na za Asmaa. Shemeji alilileta kutoka Mwera akatugawia nusu kwa nusu. Na kupika najua mimi. Kunde zangu kila punje imesimama peke yake, wageni huzisifia. Za Asmaa rojo tupu, hujui unakula nini. Lakini tangu arudi, Bi Time akisikia chungu ni changu husema ameshiba.

Nikajisemea kikulacho ki nguoni mwako, huyu ana kitu anamtilia mama. Ijumaa nikamzukia Pongwe bila kupiga simu. Nilimkuta jikoni anaponda kunde kwa mwiko. Hata salamu sikumaliza, nikaanza kufunua masufuria. Hamna nyama, hamna dawa.

"Watafuta nini, dada Zuwena?"

"Mama ulikuwa unampa nini?"

"Hizi hizi. Nazilowesha tangu jana yake, nazichemsha mpaka zivurugike, ndo natia nazi. Mama hana magego, dada. Akizimeza nzima zatoka kama zilivyoingia, nguvu yake haimfikii. Kwani nesi hakukwambia?"

Aliniambia. Mara mbili. Nilimwona anataka kunifundisha kupika, nikanuna.

Nilirudi nyumbani na hasira zaidi ya nilizokwenda nazo, maana afadhali angekuwa mchawi. Nikalowesha. Kesho yake nikachemsha toka asubuhi, nikaponda mpaka bega likauma. Zilikuwa mbaya kwa macho, nikaona haya kuzipakua, nikamtengea Bi Time hivyo hivyo.

Akaonja. Akala sahani nzima, akanisogezea niongeze, nikamwongeza. Mbarouk aliacha kutafuna, akawa anamwangalia mama yake.

"Asmaa huyu Mungu ampe umri mrefu," alisema Bi Time. "Kazileta saa ngapi?"

Maneno yalinifika mdomoni: ni mimi, mama, bega hili hapa laniuma. Nilitaka ayasikie, na Mbarouk naye ayasikie. Kisha nikaona mkono wa Bi Time umesimama na tonge hewani, anangoja jibu langu kabla hajalitia kinywani.

"Asubuhi, mama," nikasema. "Kasema uzimalize zote."