Turbo Kubwa Niliyomutakia Mathe

Banamama wenzangu ba Butembo, ninyi muko na batoto mu barabara, musome hii. Nilimaliza shule ya primaire tu. Nitaandika vile ninasema.

Mathe wangu na Kahongya, mutoto wa jirani yangu Kanyere, bote balikuwa bashofere. Kila mumoja na kamyo ya familia: kupeleka maharagi na viazi Beni, kurudisha mafuta ya mawese. Kamyo ya Kahongya ilikuwa na turbo, ile chombo inasukuma upepo mu moteur, ndani ya injini. Ikipanda mulima wa Bulengera, inapiga filimbi. Ilikuwa wakati wa vita, kila mama anakaa na masikio inje. Kanyere akisikia filimbi anasimama: "Wangu amefika." Anaweka maji ya bugali ku moto. Mimi ninabakia na moyo mu mikono mupaka Mathe apige hodi.

Ile filimbi ilinikula. Mu misa nilikuwa ninaombea mutoto wangu, lakini katikati ya sala ninajikuta ninawaza mutoto wake.

Siku moja nikamuambia Mathe: "Uko mwanaume gani? Kamyo yako inaingia mu mutaa kama mwizi. Kahongya banamusikia mupaka kwa padri."

"Mama, moteur yangu ilizaliwa bila turbo. Inanitosha."

"Inakutosha weye. Mimi hapana."

Juma mbili zikapita. Kisha akarudi toka Lubero na turbo ya mashine ya zamani, ile compresseur kubwa ya kutoboa majiwe, batengenezaji ba barabara baliiacha mu manyasi. Hélice yake, ile feni ya kuvuta upepo, ilikuwa pana kama sahani. Nikamusindikiza garaje, kwa fundi Siméon, nione na macho yangu. Bafundi na bashofere bote baliacha kazi.

"Mathe, umeng'oa feni ya mbinguni?" Siméon akauliza.

Kahongya naye alikuwa pale, mikono na mafuta. "Ndugu yangu, hiyo turbo itafika Beni, kamyo itabakia Butembo."

Fundi ingine akasema: "Utafinya accélérateur, utaenda misa, utarudi, ndiyo upepo unakuja!"

"Peleka kiwanja ya ndege ya Rughenda, bafunge ku ndege!" ingine akaongeza.

Bakacheka mupaka mumoja akaanguka juu ya pneu ya kamyo. Mathe naye akacheka. Mimi hapana.

Siméon akaacha muchezo, akanigeukia. "Mama, sikia. Hélice kubwa inazungushwa na moshi mwingi, na hii moteur ni ndogo. Mu tambarare, ikikimbia, italia. Mu mulima, na muzigo, haitapata upepo. Mazutu, mafuta yake ya kuwaka, itaingia mingi, itakosa hewa ya kuwakia, moteur itachoka."

"Itapiga filimbi?"

"Itapiga, mama. Kupita ya bote."

"Basi, funga."

Mathe aliniangalia, akatazama chini. Kisha akamupatia Siméon ile turbo.

Siku zile kamyo zilikuwa zinatoka pamoja asubuhi, moja nyuma ya ingine, na mapatano ilikuwa hii: anayebakia nyuma, hakuna wa kumungojea. Benye bunduki balikuwa banakamata ule wa nyuma. Mathe akapita mbele ya nyumba, turbo ikalia kama nguruwe ya Noeli inachinjwa. Kanyere akaziba masikio. Sitabaficha, nilifurahi. Furaha yangu yote ilikuwa ile mikono yake ku masikio.

Zilitoka kamyo saba. Kesho yake zikarudi tano.

Shofere mumoja akaja kwangu, kofia mu mukono. "Mama Mathe, mu mulima wa kwanza mukubwa kamyo yake ilitoa moshi mweusi, ikatembea kama muzee. Tukapita. Kahongya peke yake alisimama."

Kanyere akaja kukaa na mimi. Hakunilaumu. Alileta bugali, akanilazimisha nikule. Hata ule utulivu wake nilimuonea wivu.

Siku ya tatu, saa sita ya mchana, kamyo ya Kahongya ikatokea pole pole, inakokota ingine na câble, kamba ya chuma. Ku usukani wa ile ya nyuma alikuwa Mathe, bila shati, bila viatu, jicho limevimba. Benye bunduki balimupiga, bakabeba muzigo wote, kisha bakamuacha. Batu ba Bulengera bakatoka kutazama.

Mungu anihurumie: macho yangu iliona câble kwanza, kisha ndiyo iliona mutoto.

Kanyere ndiye alikimbia. Alimukamata Mathe, akalia, akamuita mwana wangu. Mimi nilisimama ku mulango, ninaangalia nani anatuona. Kahongya akanikaribia: "Mama, tumerudi bote." Na ile neno yetu ya kushukuru, wasingya, tunaitoa hata kwa mutu wa kutupatia maji ya kunywa. Kwa Kahongya haikutoka.

Moteur ilikufa. Leo Mathe anasaidia mu kamyo ya Kahongya, na Kanyere anasema "batoto betu". Kila mara anasema vile, ninajifanya ninachochea moto.

Banamama, musitume mutoto kutafuta kitu sababu jirani iko nayo. Mutoto atakwenda, sababu anakupenda. Na ile wasingya nimeiandika hapa, sababu bado sijaweza kuisema kwa Kahongya, wala mbele ya Kanyere.