Faili Arobaini na Tatu Zisizo na Kibali

Katika ofisi ya serikali ya kunasa simu walimwita Mama Kanyaga, kwa sababu ya kikanyagio kilichokuwa chini ya meza yake. Akikibonyeza kwa mguu, sauti iliyorekodiwa ilirudi nyuma, akikiachia, iliendelea. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa ghorofa ya tatu, katika chumba kisicho na dirisha, hedifoni masikioni, akichapa maneno ya simu za watu asiowajua. Mtu akikohoa, aliandika "anakohoa". Akilia, aliandika "analia", akasonga mbele.

Na hakuionea haya kazi yake. Mwaka uliotangulia, katikati ya soga za harusi, ni yeye aliyenasa wanaume wawili wakipanga kulipua soko. Walikutwa na baruti ndani ya magunia ya mkaa. Siku hiyo Mama Kanyaga alitembea kifua mbele, ingawa hakuruhusiwa kumwambia mtu sababu.

Kisha Jumatatu moja akaletewa faili ya muuguzi. Muuguzi huyo ndiye aliyewaongoza wenzake kuishtaki serikali, baada ya watatu wao kufa kwa ugonjwa walioupata wodini wakihudumia wagonjwa bila glavu. Kwenye simu alikuwa akipanga kesi na wakili wake: nani atoe ushahidi kwanza, nani ana woga, nani akibanwa kidogo ataropoka. Chini ya faili paliandikwa: "Nakala kwa wakili wa serikali." Na pale pa kujaza namba ya kibali cha jaji cha kunasa simu palikuwa peupe.

Akaenda kwa mkuu wa kitengo.

"Mkuu, hapa pamesahauliwa namba ya kibali."

Mkuu alikuwa mtu mpole, wa kukuita mwanangu hata ukiwa umelingana naye umri. Hakuinua macho. "Hapajasahauliwa kitu, mwanangu. Funika kombe mwanaharamu apite."

Alirudi mezani akachapa, maana kazi ni kazi. Lakini wiki ile, kila alipotumwa kabatini, alipekua. Alikuta faili arobaini na tatu zisizo na kibali: za waandishi, za mwalimu aliyelalamikia mkubwa fulani, na za mke aliyekuwa akimnong'oneza daktari wake mambo ambayo hata mumewe hakuyajua. Faili ya soko ilikuwa na saini ya jaji. Hiyo hakuigusa. Zile nyingine alizitolea nakala, kidogo kidogo, akazibeba chini ya kanga.

Kabla ya kuzipeleka popote alikwenda kwa kaka yake mkubwa, askari mstaafu aliyemlea na ndiye aliyemtafutia kazi ile. Alimkuta barazani akipiga rangi viatu. Akamweleza yote.

Kaka aliweka brashi chini. "Ulikula kiapo wewe."

"Niliapa kutunza siri za nchi, kaka. Wakili wa serikali kupenyezewa mipango ya wauguzi, kama majibu ya mtihani, siyo siri ya nchi. Ni wizi."

"Sawa. Leo wewe unatoa hizi kwa nia njema. Kesho mwingine naye, kwa nia yake njema, anatoa za soko, watu wanalipuka. Nani atachagua ipi itoke, ipi ibaki? Wewe, mpiga chapa?"

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli.

"Jibu lake lote sina," alisema. "Ninachojua, nikinyamaza, anayechagua ni mkuu wangu peke yake. Na yeye hajamuuliza mtu."

"Watakufunga."

"Wanifunge. Lakini yule muuguzi hatasimama mahakamani akiwa uchi bila kujua, mbele ya watu waliokwisha kusoma siri zake."

Kaka aliokota brashi. Hakumuaga.

Wakili wa wauguzi, mama mwembamba ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi, alisoma kurasa tatu tu akainuka kufunga mlango. "Nitalifuta jina lako, dada."

"Usilifute. Karatasi isiyo na mwenyewe wataiita uzushi. Niite kizimbani."

Akaitwa. Ukumbi ulijaa wauguzi waliotoka zamu, wengine bado wamevaa sare. Wakili wa serikali alimsogelea akitabasamu.

"Shahidi, ulikula kiapo cha siri, hukula?"

"Nilikula."

"Na umekivunja?"

"Nimekivunja, mheshimiwa. Na wewe, ukurasa wa nne niliouchapa kwa mikono hii ulifika mezani kwako Jumanne. Uliusoma, hukuusoma?"

Ukumbi ulilipuka. Jaji aligonga meza mara tano ndipo watu wakanyamaza, na bado wakili wa serikali alikuwa akifunua karatasi zake kama mtu aliyepoteza ufunguo. Siku tisa baadaye jaji aliamuru simu zile zisitumike popote, na kila aliyesikilizwa bila kibali ajulishwe kwa barua. Ila mvunja kiapo, alisema, ana kesi yake.

Alikamatwa akiwa bado ngazini. Akapewa mwaka mmoja na nusu.

Miezi mitano kaka hakukanyaga gerezani. Wa sita akaja na barua aliyoihangaikia kwa marafiki zake wa zamani: dada akitia saini kwamba alikosea na anajuta, anatoka wiki hiyo hiyo.

"Tia saini urudi nyumbani, mdogo wangu. Maneno tu hayo."

Mama Kanyaga aliomba kalamu. Kaka akashusha pumzi. Dada aliisoma barua taratibu, akasahihisha tahajia mahali pawili, akahamisha nukta moja, akairudisha bila saini.

"Waambie wapige chapa upya. Na lile neno 'ninajuta' waliondoe, maana nalo ni kosa."

Kaka alimkodolea macho. Kicheko kilimponyoka kabla hajakizuia, hadi mlinzi akageuka.

"Bado nasema ulikosea," alisema akijifuta macho.

"Najua. Sabuni umeleta?"

"Nimeleta."

"Basi lete, muda wa kuonana unaisha."

Alimaliza kifungo chote, siku kwa siku. Barua za kuwajulisha watu zilikuwa zimekwisha kufika, zote arobaini na tatu.