Pete za Fundi Taratibu

Jina la Taratibu hakupewa na mzazi wake. Alipewa na wenzake wa karakana, kwa kuwa kila kitu alikifanya polepole: kula, kutembea, hata kuitikia salamu. Kwenye kazi ya kukereza vyuma utaratibu huo ulikuwa baraka, maana chuma kilichopita mikononi mwake kilitoka laini utadhani kimepakwa mafuta. Lakini kwenye mambo ya moyo ulikuwa balaa. Alikuwa mjane, alimpenda mwanamke mmoja siku nyingi, na hadi leo alikuwa bado anatafuta pa kuanzia.

Mwanamke mwenyewe walimwita Dada Vipimo. Kazi yake ilikuwa kukagua kila kilichotengenezwa pale. Alikaa upande wa pili wa karakana, kwenye chumba cha vioo chenye kiyoyozi, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kipimo kikadanganya. Alikuwa na ulimi mwepesi na kicheko cha chini chini. Hakuwahi kuolewa, na akiulizwa alijibu kwamba wote aliowapima walipungua.

Kila Taratibu alipomaliza kipande, alikifuta, akakibeba kwa mikono miwili na kuvuka karakana nzima kumpelekea. Dada Vipimo akikipima, wao huzungumza. Yaani yeye huzungumza, Taratibu husikiliza. Akirudi kwenye mashine yake hupiga mluzi, na wenzake hutazamana.

Basi ikaja mashine mpya. Mwenye karakana, mama mmoja mchangamfu, aliwaita wote waione. Iliongozwa na kompyuta. Ilikamata chuma kwa taya tatu zilizobana kwa nguvu ya mafuta, na ndani yake mlikuwa na sindano yenye kishanga chekundu kwenye ncha, iliyogusa kipande na kusoma kipimo palepale, kikiwa bado kimeshikwa. Na chumba cha vioo nacho kikapata mashine yake ya kupimia, Dada Vipimo akaishangilia kama mtoto. Mama akamgeukia Taratibu kwa furaha na kumwambia kwamba sasa miguu yake itapumzika, hakuna tena kubeba kipande kimoja kimoja. Wote walipiga makofi. Taratibu naye alipiga, ila yake yalichelewa.

Hakuichukia mashine. Alijifunza kuitumia vizuri, na baada ya muda akaipenda. Lakini alikonda. Alianza kubuni safari: leo kwenda kuazima kitambaa, kesho kuuliza saa.

"Saa si hiyo mkononi mwako, fundi?" Dada Vipimo alimwuliza.

Taratibu aliitazama, akakiri kwamba ipo, akarudi zake.

Nyumbani aliishi na binti yake, mshonaji, ambaye jicho lake halikupitwa na uzi uliolegea. Asubuhi moja binti alimwona akitia chumvi kwenye chai, akamwambia. Baba akajibu kwamba ameiona, akainywa yote. Binti akaweka mkasi chini. Akamhoji kidogo kidogo mpaka akalitoa jina, kisha akamwambia, "Baba, mama alikwenda, Mungu amrehemu. Wewe hukuzikwa naye. Mwambie huyo mtu."

Kuambiwa mwambie ni rahisi. Siku zikapita na mdomo ukabaki umefungwa.

Ndipo zikaja kazi za pete za pampu za maji, pete pana na nyembamba kama ganda. Mashine ilizikereza, sindano ikazigusa, taa ya kijani ikawaka kwa kila moja. Taratibu aliridhika. Adhuhuri akainua macho akamwona Dada Vipimo anakuja, yeye mwenyewe, amebeba trei.

Alisema kwa sauti ndogo, asimwaibishe mbele za watu, kwamba pete zile si mviringo kamili. Taratibu hakubisha. Walifunga nyingine, wakaikereza, sindano ikasema sawa. Wakaifungua, wakaenda nayo chumba cha vioo, na kule ikaonekana imevimba sehemu tatu. Walitazamana, wakaelewa karibu kwa pamoja. Taya zilikuwa zinaiminya pete ikapinda, kisu kikaikata ikiwa imepinda hivyo hivyo, nayo ikiachiwa inarudi ilivyotaka. Sindano haikusema uongo. Ilipima pete iliyobanwa.

Waliripoti kwa mwenye karakana, naye akampigia mhandisi aliyeifunga mashine. Mhandisi alisema hiyo ni kawaida ya vitu vyembamba: wapunguze nguvu ya kubana, na wachonge taya za alumini zitakazoikumbatia pete pande zote badala ya kuiminya pointi tatu. Taratibu akaanza kuzichonga, na kila jaribio lilibidi lipimwe likiwa huru, kwenye chumba cha vioo. Kwa hiyo mchana ule walikuwa pamoja, huyu akikereza, yule akipima, wakirekebisha, hadi kelele za karakana zikaanza kupungua na watu wakawa wananawa mikono.

Mwishowe pete moja ikatoka sawasawa. Dada Vipimo aliigeuza geuza kwenye mwanga, pana kama sahani ya chai, akatabasamu.

"Muda wote huu unaniletea pete, fundi," alisema. "Na hakuna hata moja inayonitosha kidole."

Taratibu aliifuta mikono yake, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi. Kisha akachukua kalipa ndogo ya kupimia upana juu ya meza.

"Nipe kipimo," alisema.

Dada Vipimo hakucheka. Alinyoosha mkono wa kushoto, akatenga kidole. Taratibu alijaribu kukipima, lakini mkono uliokereza vyuma bila kuteleza ulitetemeka kama jani.

"Hivyo utakosea," akamwambia kwa upole. Akaishika kalipa yeye, akajipima, akamsomea namba, na kumwomba airudie ili asiisahau. Akairudia.

Jioni ile binti alipomwona baba yake ananing'iniza koti huku anapiga mluzi, alijua. Akauliza alimwambiaje, kwa maneno mangapi.

"Mawili," alijibu Taratibu.

Binti alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamkumbatia na kulia kidogo begani mwake.

Walioana kiangazi kile. Binti ndiye aliyeshona nguo ya bibi arusi. Siku aliyokwenda kumpima alirudi amenuna nusu, akamlalamikia baba yake kwamba tangu aanze kushona hajawahi kupata mteja wa kumfundisha namna ya kushika tepu.

Baba yake alifikiri sana kabla ya kujibu, kisha akamwambia kwamba atamzoea.